Ghala la Nyumbani: Kipi Kikaushwe, Kipi Kitiwe Chupani

Anayetaka kuweka chakula cha miezi mitatu, sita au mwaka mzima nyumbani hukutana na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni wa wakulima na maafisa ugani: kausha, chambua, funga gunia, weka juu ya chaga. Wa pili umeingia kupitia video kutoka Marekani na Ulaya: rafu zimejaa chupa za kioo, na ndani yake maharage yaliyokwisha pikwa, nyama, nyanya, mboga na matunda. Njia zote mbili ni za kweli na kila moja ina historia ndefu kwao. Madhara huanza mtu anapozichanganya bila kujua kila moja inazuia nini. Anachemsha maharage saa nzima katika chupa, kifuniko kinabonyea ndani vizuri, anaridhika, kumbe ameandaa makao ya bakteria anayeua. Mwingine anafunga mahindi yenye unyevu katika mfuko usiopitisha hewa, na akiufungua anakuta uvundo.

Msimamo wa makala haya ni huu: kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ghala lisimame juu ya vyakula vikavu, na chupa ziachiwe vitu vyenye asidi, yaani nyanya zilizoongezwa ndimu, mananasi, jemu na achari. Nyama, maharage yaliyopikwa, mahindi mabichi na mboga za majani havitiwi chupani bila mtambo maalumu wa mvuke wa shinikizo, na nyumba zenye mtambo huo ni chache mno.

Kinachoharibu chakula

Kuvu, bakteria na wadudu wanahitaji maji, na wengi wanahitaji pia oksijeni na joto la wastani. Ukiondoa maji, karibu wote wanasimama. Ukiongeza chumvi au sukari nyingi, maji yapo lakini hawawezi kuyatumia. Ndiyo maana ng'onda hukaa na jemu hukaa. Ukiongeza asidi, bakteria wabaya zaidi hawawezi kukua. Ukiondoa oksijeni, wadudu na kuvu wengi hufa au hulala, lakini hapo ndipo lilipo jambo linalosahaulika: kuna bakteria wanaopenda pasipo oksijeni. Kwa hiyo kufunga hewa peke yake si kinga. Ni kinga pale tu chakula kilipo kikavu, au kilipo kichachu cha kutosha.

Kiasi gani kiwekwe

Mgawo wa msingi unaotumika kupanga misaada ya chakula ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa nyumba ya watu watano kwa siku 90, hesabu inatoa kilo 180 za nafaka, kilo 27 za mikunde, kilo 11 na robo za mafuta (kama lita 12 hivi) na kilo 2 na robo za chumvi. Mgawo huo ni wa kushikilia maisha. Nyumbani tungepandisha mikunde hadi gramu 100, yaani kilo 45, kwa sababu nyama na samaki hupungua mara tu mambo yanapokuwa magumu, na maharage ndiyo yanayobaki kuziba pengo.

Gawanya nafaka hizo kati ya mahindi na mchele kwa kadiri mnavyokula kweli. Ghala la chakula ambacho watoto hawakigusi huishia kuliwa na fukusi. Na nunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, lakini usinunue siku ambayo huna nafasi ya kuanika. Mahindi ya bei nafuu sokoni mara nyingi ni mahindi ambayo hayajakauka.

Mahindi: kazi kubwa ni kukausha

Mahindi yanayowekwa kwa muda mrefu yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yanapovunwa shambani huwa juu ya hapo, mara nyingi asilimia 18 hadi 25. Yakiachwa na unyevu huo, punje zenyewe bado zinapumua, zinatoa joto na maji, gunia linapata vuguvugu katikati, na kuvu wanaanza.

Kuvu wa kuogopwa ni *Aspergillus flavus*, anayetoa sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, Tanzania, waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Hivyo ni vifo vya ghafla. Kwa kiasi kidogo kidogo cha kila siku, sumu hiyo hudhuru ini taratibu na huleta saratani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho hakionekani wala kunukika. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kusaga huisambaza katika unga wote. Kinachopunguza ni kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu kabla ya kusaga, na kukoboa, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Punje mbovu hizo zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa: sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Basi anika juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu, kwa sababu udongo ndio makao ya kuvu. Tandaza mahindi yaliyopukuchuliwa kwa kina cha sentimita 3 au 4, geuza kila baada ya nusu saa hadi saa moja, na ukunje turubai jua linapozama, umande usirudishe maji uliyoyatoa. Siku tatu za jua kali huenda zikatosha. Wakati wa mawingu, wiki nzima.

Kupima bila kifaa kunawezekana kwa chumvi. Kaanga au anika chumvi hadi ikauke kabisa. Chukua chupa ya kioo safi na kavu ya mililita 750, tia vijiko vitatu vya chumvi na mahindi hadi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikishuka yote chini, unyevu uko chini ya 15. Wengi hufungia gunia hapo, na hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu 15 bado si 13.5. Kipimo kikishakubali, anika siku moja zaidi ya jua kali.

Baada ya kuvu huja wadudu. Fukusi wa kawaida anajulikana. Mkali zaidi ni dumuzi, ambaye wengine humwita skania, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa kutoka hapo. Anageuza punje kuwa vumbi, na hupenda zaidi mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema.

Dhidi ya wote wawili, mfuko usiopitisha hewa ndio njia tunayoipendekeza kuliko dawa. Mifuko ya PICS, inayouzwa Tanzania kwa jina la kinganjaa, ina mifuko miwili ya plastiki nzito yenye unene wa maikroni 80 kila mmoja, ikiwa ndani ya kiroba cha kawaida. Wazo lake lilianza na utafiti wa kunde Cameroon, chini ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wadudu waliomo wanatumia oksijeni iliyobaki, ndani ya siku chache inashuka chini ya asilimia 5, wanaacha kula, hawawezi tena kupata maji ya mwilini kutokana na chakula, wanakauka na kufa. Hakuna sumu yoyote inayoongezwa.

Matumizi yake yana utaratibu. Jaza hewa kila mfuko wa plastiki, sokota mdomo, bana, sikiliza kama kuna panapovuja. Ingiza mmoja ndani ya mwingine, na yote miwili ndani ya kiroba. Chekecha nafaka kwanza, maana kipande cha gunzi au jiwe lenye ncha hutoboa. Jaza kidogo kidogo, tikisa na shindilia ili hewa ipungue. Acha sentimita 30 za mdomo, sokota mfuko wa ndani kabisa, ukunje, ufunge kwa kamba kwa nguvu, kisha wa pili vivyo hivyo, mwisho kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na usifungue kabla ya mwezi kupita. Kila ukifungua, hewa mpya inaingia, kwa hiyo mfuko wa kilo 100 unaochotwa kila wiki si ghala tena. Nyumba ndogo ifunge mifuko ya kilo 50, au ihamishie nafaka ya wiki mbili kwenye ndoo ya jikoni na kufunga tena papo hapo. Panya hawazuiwi na plastiki. Stoo yenye panya inahitaji pipa la chuma au la plastiki nene, lijazwe hadi juu kabisa.

Kuhusu pipa kuna mazoea ya kuwasha mshumaa juu ya nafaka kisha kufunga ili moto umalize oksijeni. Mshumaa huzimika hewa ikiwa bado na oksijeni takriban asilimia 16, na wadudu huishi humo bila shida. Kinachofanya kazi ni kujaza pipa mpaka pasibaki nafasi, na mfuniko kuzibwa barabara. Wadudu wenyewe watamaliza hewa.

Dawa za unga za nafaka zipo na zimesajiliwa. Ukizitumia, kipimo ni kile cha kwenye paketi, na muda wa kusubiri kabla ya kula uheshimiwe. Vidonge vya kufukiza, vinavyotoa gesi ya fosfini, ni jambo tofauti kabisa. Gesi hiyo huua wadudu na huua binadamu vilevile, na gunia lenye vidonge chumbani walipolala watu limekwisha kumaliza familia. Havina nafasi ndani ya nyumba ya kuishi, hata kimoja.

Maharage, mchele, unga, dagaa na mafuta

Maharage huja na wadudu wao kutoka shambani. Mayai hutagwa kwenye maganda yanapoanza kukauka, ndiyo maana maharage uliyoyanunua yakiwa safi hutoboka baada ya mwezi. Njia mbili ni za uhakika. Ya kwanza ni kufunga bila hewa, kama mahindi; dumu la lita 20 lililokauka kabisa, likajazwa hadi mdomoni na kufungwa kwa nguvu, linatosha. Ya pili ni jua: tandika plastiki nyeusi, mwaga maharage kwa kina cha sentimita moja au mbili, funika kwa plastiki angavu na ukandamize kingo kwa mawe. Joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, mayai, viluwiluwi na wadudu wazima hufa. Kwa jua kali la mchana acha saa mbili uwe na hakika. Yaache yapoe kabisa kabla ya kufunga, na yale ya mbegu yatenge. Maharage yaliyokaa mwaka mmoja mahali pa joto na unyevunyevu huwa magumu kuiva, hata yakiloweka. Magadi kidogo husaidia, ila dawa ya kweli ni kuyaweka mahali pa baridi na kuyala kwa zamu.

Mchele mweupe mkavu ndio mvumilivu kuliko vyote. Ukifungwa bila hewa hukaa miaka. Unga ni kinyume chake. Dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa hukutana na hewa: baada ya wiki chache unga unakuwa mchungu. Sembe hukaa miezi kadhaa. Kwa hiyo hifadhi mahindi, saga ya wiki mbili au tatu.

Dagaa wa akiba wawe wameanikwa juu ya vichanja au nyavu, si mchangani, na wavunjike ukiwakunja. Hata hivyo wana mafuta, na mafuta huchacha. Wapange kwa miezi, si kwa mwaka. Mafuta ya kupikia yakae gizani, kwenye chombo kilichojaa, na dumu likishafunguliwa litumike kwanza. Chumvi haiozi, ila madini joto yake hupotea kwa unyevu na mwanga, basi nayo ifungwe. Asali hukaa karibu bila kikomo. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa sababu ya bakteria yuleyule tunayemjia sasa.

Chupa: kwa nini maharage hapana na nyanya ndiyo

Bakteria huyo ni *Clostridium botulinum*. Yuko udongoni kila mahali, kwa hiyo yuko kwenye vitunguu, viazi, karoti na maharage. Hana madhara hapo, kwa sababu hewa humzuia. Hujikinga katika hali ya spora yenye ganda gumu, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Ukichemsha chupa ya maharage, unaua washindani wake wote, unafukuza oksijeni, unafunga, na unaweka kabatini kwenye joto la kawaida. Spora zinachipua na kutoa sumu ya botulizimu. Chakula hicho huenda kisinuke, kisibadilike rangi, wala kifuniko kisivimbe. Hili si jambo la nchi za mbali tu: Kenya ilipata mlipuko wa botulizimu uliotokana na kumbikumbi, na taarifa yake ya kitabibu ilichapishwa mwaka 1980.

Bakteria huyo hawezi kukua pale asidi inapofikia pH 4.6 au chini yake (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi ni kali zaidi). Mstari huo ndio unaogawa vyakula vya chupa. Chini yake wamo mananasi, machungwa, maembe mabichi, ukwaju na achari yenye siki ya kutosha, na maji yanayochemka yanatosha kuua kuvu na bakteria waliobaki. Juu yake zimo nyama, samaki, maharage, njegere, mahindi, mboga za majani, karoti, bamia na uyoga. Hizo zinahitaji mvuke wa nyuzi 116 hadi 121, unaopatikana kwa shinikizo tu. Papai na ndizi mbivu ziko juu ya mstari ingawa ni matunda, hivyo zisihesabiwe salama kwa utamu wake. Nyanya ziko mpakani kabisa: aina nyingine 4.2, nyingine 4.8, na zikiiva sana asidi hupungua. Kwa sababu hiyo nyanya za chupa huongezwa asidi kila mara, bila kuonja wala kukisia.

Presha kuka ya jikoni haitoshi kwa maharage ya chupa. Ni ndogo, hupanda joto na kupoa haraka mno, na muda huo wa kupanda na kupoa ni sehemu ya hesabu ya usalama. Mtambo wenyewe hupokea angalau chupa nne za lita moja zikiwa wima, na una kipimo cha shinikizo. Kwa maharage muda ni dakika 75 kwa chupa za nusu lita, kwenye paundi 10 za shinikizo pwani na paundi 15 ukipita mita 300 za mwinuko. Gharama ya kuni au gesi peke yake inatosha kuonyesha kwa nini maharage makavu ndiyo akiba ya busara.

Nyanya hatua kwa hatua

Kilo 10 za nyanya hutoa takriban lita 6.6 za nyanya zilizopondwa, yaani kama chupa 13 za nusu lita. Chagua ngumu, zilizoiva, zisizo na jeraha wala ukungu. Nyanya iliyooza upande mmoja haikatwi ikaingia, kwa sababu kuvu hula asidi na kuipandisha pH. Tumia chupa za kioo zisizozidi nusu lita na vifuniko vipya vyenye mpira ndani, kutoka maduka ya vifungashio. Chupa ya jemu iliyotumika inaweza kurudi kazini kama mdomo wake hauna hata mkwaruzo mmoja, lakini kifuniko cha zamani kimeshaminywa na hakizibi tena kwa uhakika. Chupa za plastiki hazifai kabisa.

Osha chupa kwa sabuni, suuza, ziache kwenye maji ya moto mpaka utakapozijaza. Tumbukiza nyanya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, zihamishie kwenye maji baridi, menya, toa kikonyo, kata vipande. Weka kwanza sehemu moja ya sita kwenye sufuria, pasha moto mkali huku ukiponda, kisha ongeza zilizobaki polepole bila kuacha mchemko upoe. Kukatakata zote zikiwa baridi na kuziacha mezani kunaruhusu kimeng'enya kilichomo kuvunja utomvu unaoshika nyanya. Matokeo yake ni maji juu na rojo chini ndani ya chupa. Si hatari, ila si nyanya ya kupendeza. Zikishachemka zote, endelea dakika tano.

Tia katika kila chupa ya nusu lita kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau ya dukani, au robo kijiko cha chai cha ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki. Ndimu mbichi za kukamua ni kali, lakini ukali wake hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu, wakati ya dukani na ya unga inajulikana. Chumvi ni hiari. Vitunguu, vitunguu saumu, karoti na pilipili hoho visiingie. Kila kimoja kinapunguza asidi, na vipimo vilivyo hapa havikuvihesabu. Utaviongeza siku ya kupika.

Jaza nyanya za moto hadi sentimita 1.25 kutoka mdomoni. Pitisha kijiti safi pembeni kutoa mapovu ya hewa. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye maji ya moto, maana mbegu moja ya nyanya hapo huzuia kifuniko kuziba. Funga kwa nguvu ya vidole tu. Hewa inahitaji kutoka.

Panga chupa kwenye sufuria kubwa juu ya kitambaa kinene au wavu, zisigusane na chuma cha chini. Maji yawe ya moto tayari, yafunike vifuniko kwa sentimita 2.5 hadi 5. Funika sufuria. Anza kuhesabu muda pale tu maji yanapochemka kwa nguvu kila mahali, na yakipungua ongeza ya moto. Yakiacha kuchemka, hesabu inaanza upya.

Hapa mwinuko unaamua. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam na Mombasa, lakini joto hilo hupungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Nairobi na Mbeya maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo huchukua muda mrefu kufanya kazi ileile. Kwa nyanya zilizopondwa tunapendekeza muda wa chupa kubwa hata kwa zile za nusu lita: dakika 45 pwani, hadi mita 300; dakika 50 kati ya mita 300 na 900, kama Morogoro na Bujumbura; dakika 55 kati ya 900 na 1,800, ambamo wamo Mwanza, Dodoma, Arusha, Iringa, Kampala, Kigali, Lubumbashi na Nairobi; na dakika 60 juu ya hapo, kama Eldoret. Mwinuko huohuo hubadilisha jemu: alama ya kuganda ni nyuzi 4 au 5 juu ya joto la maji kuchemka mahali ulipo, yaani 104 au 105 Zanzibar lakini 98 au 99 Nairobi. Ukingoja 105 Nairobi utapata sukari iliyoungua.

Toa chupa, zipange juu ya taulo, mbali na upepo, bila kugusana. Sakafu ya saruji baridi hupasua kioo cha moto papo hapo, na ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote. Usikaze vifuniko tena, usizipindue. Mazoea ya kumimina chakula cha moto, kufunga na kusimamisha chupa kichwa chini huleta mbonyeo kwenye kifuniko, lakini hayamalizi kazi ambayo maji yanayochemka yangefanya. Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kilichobonyea na kisichocheza kimeziba. Kinachoruka na kurudi hakijaziba. Chupa hiyo iende kwenye friji iliwe siku hizo, au ipewe kifuniko kipya na kuchemshwa muda wote upya ndani ya saa 24. Zilizoziba ziandikwe tarehe, zikae gizani, na ziliwe ndani ya mwaka.

Mananasi ni mepesi zaidi. Vipande vikichemshwa kwenye maji yake au sharubati nyepesi kwa dakika 10, vikatiwa chupani vikiwa vya moto, vinahitaji dakika 15 pwani kwa chupa za nusu lita, 20 kati ya mita 300 na 1,800, na 25 juu ya hapo. Kwa achari, soma chupa ya siki kabla ya kununua: mapishi yaliyopimwa yanadai asidi asilimia 5, na siki dhaifu iliyoongezwa maji haiwezi kuokolewa kwa chumvi. Kitunguu saumu au pilipili mbichi zilizozamishwa kwenye mafuta ni jambo lingine kabisa. Mafuta hufukuza hewa, na ndani yake hakuna asidi. Weka kwenye friji na umalize ndani ya siku nne.

Kagua ghala mara moja kwa mwezi. Kwenye mifuko tafuta matundu, vumbi la unga chini yake na harufu ya uvundo. Kwenye chupa tafuta kifuniko kilichovimba, uvujaji, mapovu yanayopanda na ukungu. Chupa yenye dalili yoyote haionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Ifungwe ndani ya mfuko, ifukiwe mbali na mifugo, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu aliyekula chakula cha chupa akaanza kuona mambo mawilimawili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au kumeza kukawa kugumu, kwa kawaida kati ya saa 12 na 36, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na chupa aliyokula iende naye.